Mgongo wa Mkulima wa Nyanya: Jinsi Uboho Unavyoilea Kansa ya Damu

Mzee wa miaka 61, mkulima wa nyanya kutoka miteremko ya kaskazini ya Mlima Meru, aliletwa hospitalini Moshi akiwa amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo, kwa sababu kukaa wima kulikuwa kumemshinda. Jina lake na la kijiji chake nimeyaacha, na mambo machache yasiyogusa ugonjwa nimeyabadilisha ili asitambulike. Nakiandika kisa chake kwa kuwa kwa miezi 9 mgongo wake ulitibiwa kama mgongo tu, ilhali kilichokuwa kinauma ni uboho, ule ute mwekundu ulio ndani ya mfupa ambamo damu hutengenezwa. Katika mieloma, kansa ya damu aliyokuwa nayo, mfupa unaoliwa si madhara ya pembeni ya kansa. Mfupa huo ni sehemu ya chakula cha kansa yenyewe, na anayeelewa hilo hulitazama kila jambo katika kisa hiki kwa jicho jingine.

Maumivu yalianza wakati wa kupalilia. Mwenyewe aliamini ni jembe na matenga ya nyanya, akanunua diklofenaki, dawa ya maumivu, katika duka la dawa, akapata nafuu, na kuanzia hapo akawa anaimeza karibu kila siku. Miezi mitatu baadaye alipoanza kuchoka na kuishiwa pumzi akipanda kilima cha kwenda nyumbani, alipewa vidonge vya kuongeza damu, akavitumia kwa uaminifu pamoja na mboga za majani, na damu haikupanda. Watu wa kwao walikuwa na maelezo yao, tena yenye msingi: maji ya upande ule wa Meru yana floridi nyingi, kupita kwa mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na mzee huyu ana meno ya kahawia tangu utotoni kama wenzake wengi aliokua nao. Floridi ikizidi kwa miaka mingi huuma mifupa na kuvikaza viungo. Kwa hiyo aliambiwa kwamba ni maji, na kwa maji hakuna dawa. Baadaye, picha ya eksirei ilipoonyesha pingili moja ya mgongo imebonyea, aliambiwa ajiandae kuanza dawa za kifua kikuu cha mifupa.

Hakuna aliyewaza kijinga katika hao wote. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo kwetu, na anayekisahau atawaumiza wagonjwa. Lakini picha ile ile, ikitazamwa kwa utulivu, ilikuwa inakataa maelezo yote mawili. Floridi huufanya mfupa uwe mzito na mweupe zaidi kwenye eksirei, na mifupa ya mzee huyu ilikuwa imefifia. Kifua kikuu kwa kawaida huharibu ile nafasi iliyo kati ya pingili na pingili, ambapo hapa pingili ilikuwa imebonyea huku nafasi za juu na chini yake zikiwa nzima kabisa. Tulipopiga picha ya fuvu tukaona matundu ya duara, yenye kingo kali, kana kwamba mtu alichukua patasi ndogo akayatoboa moja moja.

Vipimo vya damu viliongeza mengine. Himoglobini ilikuwa gramu 7.1 kwa desilita. Kreatinini ilikuwa maikromoli 265 kwa lita, ishara kwamba figo zimelemewa, na kalsiamu ilikuwa milimoli 3.2 kwa lita, kiwango kinachoeleza kiu isiyoisha, haja ngumu na ile hali ya kusahausahau ambayo binti yake alidhani ni uzee. Kwenye kioo cha hadubini chembe nyekundu zilikuwa zimepangana kama sarafu zilizorundikwa, jambo linalotokea damu inapojaa protini ya aina moja. Kipimo kilichonigusa zaidi, hata hivyo, ni kile ambacho kilikuwa cha kawaida. Kimeng'enya cha fosfatesi ya alkali, ambacho hupanda pale seli zinazojenga mfupa zinapofanya kazi kwa nguvu, hakikuwa kimepanda hata kidogo. Mtu ana fuvu lenye matundu na pingili iliyovunjika, na mafundi wake wa kujenga mfupa wamekaa kimya. Mfupa uliovunjika kwa sababu nyingine kwa kawaida huamsha ujenzi. Hapa kulikuwa na kitu kilichowazuia mafundi.

Mkojo nao ulikuwa na siri yake. Karatasi ya kuchovya ilionyesha protini kidogo sana, kiasi ambacho wengi wangekipita. Ulipokusanywa mkojo wa saa 24 na protini yote ikapimwa maabara, ikawa ni gramu kadhaa. Tofauti hiyo ina maana: karatasi ile huitambua zaidi albumini, protini ya kawaida ya damu, na protini ya mzee huyu haikuwa albumini, ilikuwa vipande vyepesi vya kingamwili vinavyomwagwa na seli zilizoasi na kuziba mirija ya figo. Ni ugunduzi wa zamani. Mwaka 1845 daktari Henry Bence Jones wa London alipelekewa mkojo wa mfanyabiashara mmoja, Thomas Alexander McBean, aliyekuwa na maumivu makali ya mifupa, wenye kitu cha ajabu kilichoganda ukipashwa moto na kuyeyuka tena ukichemka. McBean alifariki siku ya kwanza ya mwaka 1846, na mbavu zake zilikutwa laini, zenye kuvunjika kwa urahisi. Mkojo na mbavu, vyote viwili vilikuwa mbele ya madaktari wale tangu mwanzo.

Siku ya pili tulichukua sampuli ya uboho. Mgonjwa hulala ubavu, ngozi iliyo juu ya mfupa wa nyonga, upande wa nyuma, hutiwa ganzi, kisha sindano nene husukumwa kwa kuzungushwa hadi ipenye. Anayeifanya kazi hii kila wiki anajua ukinzani wa mfupa mzima mkononi mwake. Mfupa wa mzee huyu haukukinza, sindano iliingia kama inayoingia kwenye kiazi kilichochemshwa. Tone lililotoka lilitandazwa kwenye kioo, likaonyesha punje ndogo zinazong'aa kwa mafuta, na baada ya kupakwa rangi tukaziona: seli za plazima zenye umbo la yai, za bluu, kiini kimesukumwa upande mmoja, nyingine zikiwa na viini viwili. Kati ya kila seli 100 zilizohesabiwa, 46 zilikuwa hizo. Kwa mtu mzima wa afya hazifiki 5. Ugonjwa ni mieloma, kansa ya seli za plazima, zile zinazotengeneza kingamwili.

Binti yake ndiye aliyekuwa akimuuguza. Alinisubiri nje ya wodi, akanisalimu, kisha akauliza swali ambalo ninalibeba hadi leo: "Daktari, baba ana kansa ya damu au ya mfupa? Maana huku naambiwa damu, na kwenye picha naonyeshwa mfupa." Nilimwambia ni kansa ya damu inayoishi ndani ya mfupa. Lilikuwa jibu sahihi, na lilikuwa fupi mno kwa swali lile. Yanayofuata hapa ndiyo niliyopaswa kumweleza, na niliyomweleza kidogo kidogo siku zilizofuata.

Uboho si gunia linalobeba damu. Kwa mtu mzima unafanya kazi katika pingili, nyonga, mbavu, kidari na fuvu, na kila siku hutoa chembe nyekundu zipatazo bilioni 200. Kazi kubwa namna hiyo haifanywi na seli za damu peke yake. Kuna seli za stroma zinazounda kitanda, kuna seli za mafuta, mishipa myembamba ya damu, neva, osteoblasti zinazojenga mfupa na osteoklasti zinazoubomoa, na zote hutoa kemikali za kuita, kulisha, kutuliza na kuzuia. Mwaka 1978 Raymond Schofield alitoa wazo kwamba seli shina za damu, zile zinazozaa seli nyingine zote za damu, hudumu kwa sababu ya mahali zinapokaa, si kwa nguvu zao tu. Kwa mtu aliyezaliwa kwenye kihamba, lile shamba la kahawa na migomba la Uchagani, hilo halihitaji maelezo marefu: mbuni hustawi kwa kivuli cha mgomba, kwa samadi na kwa maji ya mfereji, na ukiung'oa ukaupanda penye jua kali na ardhi kavu utanyauka hata kama mche ulikuwa mzuri.

Sasa, miongoni mwa wakazi halali wa kihamba hicho ni seli za plazima zenyewe. Hizi ndizo hutengeneza kingamwili, na nyingi hufa siku chache baada ya kazi yao kwisha, ila zile zinazofanikiwa kufika kwenye uboho huweza kuishi miaka mingi. Aliyeugua surua akiwa mtoto bado ana kingamwili za surua akiwa mzee kwa sababu ya seli hizo. Seli za stroma hutoa kemokini, yaani kemikali ya kuita seli, iitwayo CXCL12 ambayo huzivuta, kisha huzishika na kuzilisha kwa kemikali iitwayo interlukini-6, huku seli nyingine za uboho zikitoa protini iitwayo APRIL. Ni ukarimu uliotengenezwa ili mwili ukumbuke magonjwa uliyoyashinda, na kwangu ni moja ya mipango mizuri kuliko yote mwilini. Seli ya mieloma haikuhitaji kuvunja mlango wowote. Ilizaliwa katika ukoo wenye haki ya kukaa, ikaurithi ukarimu huo wote, na ndiyo sababu inaweza kukaa miaka bila kelele: karibu kila mieloma hutanguliwa na hali tulivu ambayo protini yake huonekana kwenye damu lakini haimdhuru mtu, na ni mmoja tu kati ya watu 100 wenye hali hiyo anayevuka kwenda kwenye ugonjwa kila mwaka.

Seli ya mieloma hushikamana na stroma kwa kulabu za protini, VLA-4 upande wake na VCAM-1 upande wa stroma. Kushikana huko si kuegemea tu. Stroma iliyoguswa huamka na kumwaga interlukini-6 nyingi zaidi ya kawaida, na seli iliyoshikana huwasha ndani yake njia zinazozuia kufa. Mwaka 1999 ilionyeshwa maabara kwamba seli za mieloma zilizonata kwenye fibronektini, protini ya kawaida ya uboho, hustahimili dawa ambazo zinaziua seli zile zile zikiwa zinaelea. Seli hazikuwa zimebadilika urithi, zilikuwa zimeshika ukuta. Anayetaka ushahidi wa upande wa pili aangalie jinsi ilivyo vigumu kuzikuza seli za mieloma za mgonjwa kwenye chombo cha kioo bila stroma wala interlukini-6, kwani nyingi hufa baada ya muda mfupi.

Mfupa ndio sehemu ninayotaka tuikalie zaidi. Mifupa yetu hubomolewa na kujengwa upya daima, takriban asilimia 10 kila mwaka, na ubomoaji na ujenzi huenda pamoja. Ishara ya kubomoa ni protini iitwayo RANKL, ambayo huziamsha osteoklasti. Kinachoituliza ishara hiyo ni osteoprotegerini. Seli za mieloma, zikishirikiana na stroma iliyoamshwa, hupandisha RANKL na kushusha osteoprotegerini, na wakati huo huo humwaga protini ya DKK1 inayowanyamazisha mafundi wa kujenga. Fosfatesi ya mzee wetu haikupanda kwa sababu hiyo, na ndiyo sababu hata picha za dawa ya mionzi, ambazo hung'aa pale mfupa unapojengwa, mara nyingi huyapita matundu ya mieloma bila kuyaona. Mfupa unaobomolewa hautoi kalsiamu peke yake. Ndani ya mawe yake zimehifadhiwa kemikali za ukuaji, zikiwemo IGF-1 na TGF-beta, zilizowekwa humo na mafundi kwa ajili ya ukarabati wa baadaye. Osteoklasti zikiutafuna mfupa, akiba hiyo huachiliwa papo hapo. IGF-1 huilisha seli ya mieloma moja kwa moja, na TGF-beta huichochea stroma itoe interlukini-6 zaidi, seli huongezeka, RANKL hupanda, mfupa huliwa tena. Kila siku mzee yule alipougulia mgongo, chakula kilikuwa kinapakuliwa.

Mengine nayapitia kwa haraka. Uboho una oksijeni kidogo kuliko damu ya mishipa mikubwa, na seli zikisongamana hupungua zaidi, jambo linalozifanya ziite mishipa mipya ya damu. Seli za kinga zilizo jirani hudhoofishwa. Na ile interlukini-6 inayoilisha kansa hufika kwenye ini na kupandisha homoni ya hepsidini, ambayo huyafungia madini ya chuma ghalani. Vidonge vya kuongeza damu vilikuwa vinamezwa sawasawa, ila chuma hakikuwa kinaruhusiwa kutoka. Ukichanganya na figo zilizoacha kutoa homoni ya kuchochea damu, na uboho uliobanwa nafasi, ile himoglobini ya 7.1 haina tena cha kushangaza.

Kuna anayeweza kuuliza kama udongo, yaani mazingira ya uboho, unaweza kuanzisha maradhi wenyewe, bila mbegu mbaya. Kwa mieloma sithubutu kusema hivyo, kwa kuwa mabadiliko ya urithi ndani ya seli ya plazima yapo na yanajulikana. Lakini mwaka 2010 watafiti wa Boston, Marekani, walifuta jeni moja iitwayo Dicer1 katika seli changa za kujenga mfupa za panya, bila kuigusa kabisa jeni hiyo katika seli za damu, na panya wale wakapata uharibifu wa uboho, baadhi wakaishia kupata lukemia, kansa nyingine ya damu. Tangu hapo ni vigumu kuiita stroma mtazamaji asiye na hatia.

Tiba ya mzee ilianza na mambo ya kawaida kabisa: kuacha diklofenaki siku hiyo hiyo, kwa kuwa dawa hiyo juu ya figo zenye vipande vya protini ni kuongeza mzigo kwa punda aliyekwisha lala, kisha maji ya mishipani kwa wingi na deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi. Kalsiamu ilishuka ndani ya siku chache, kumbukumbu ikarudi, akaanza kuuliza bei ya nyanya sokoni Kilombero. Bortezomibu, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003 na ambayo pamoja na kuiua seli hulegeza ushikamano wake na stroma, familia haikuimudu. Tulitumia siklofosfamaidi, thalidomaidi na deksamethasoni. Thalidomaidi ni dawa yenye historia nzito, iliyoondolewa sokoni mwaka 1961 baada ya watoto wengi wa Ulaya kuzaliwa na viungo pungufu, kisha mwaka 1999 ikaonyeshwa huko Arkansas, Marekani, kwamba takriban theluthi moja ya wagonjwa wa mieloma iliyoshindikana waliitikia. Ilijaribiwa kwa matumaini ya kuzuia mishipa mipya ya uboho, yaani ilianza kama dawa ya udongo. Binti, aliye katika umri wa kuzaa, nilimweleza mara mbili kwamba vidonge hivyo baba avishike mwenyewe, vifungiwe mbali na yeye.

Asidi ya zoledroniki, inayozifunga mdomo osteoklasti, hatukuitoa mara moja kwa sababu ya figo. Tuliingoja kreatinini ishuke, na meno yake ya kahawia yakakaguliwa kwanza, jino moja bovu likang'olewa na kidonda kikapona, kwa kuwa dawa hii huweza kumwumiza taya anayeng'olewa jino akiwa ndani ya tiba. Wengi bado huihesabu kama dawa ya maumivu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha wagonjwa 1,960, ulionyesha kuwa waliopewa dawa hii waliishi muda mrefu kuliko waliopewa dawa ya zamani ya jamii hiyo hiyo, na faida hiyo haikuelezwa na kupungua kwa mivunjiko peke yake. Kwangu huo ndio uthibitisho wa wodini wa kile nilichokieleza juu ya akiba iliyo ndani ya mfupa: ukifunga ghala, mlaji hupungua.

Baada ya miezi 6 himoglobini ilikuwa gramu 11.2, kreatinini 128, na uboho uliochukuliwa upya ulikuwa na seli za plazima 6 katika kila 100. Safari hii sindano ilikinza kidogo. Matundu ya fuvu yalikuwa pale pale kwenye picha, na nilimwonyesha mzee, kwa sababu aliomba kuyaona. Nilimweleza kwamba seli zilizobaki ni zile zilizoshika ukuta mahali ambapo dawa haiziui kwa urahisi, kwamba ugonjwa huu hurudi, na kwamba kipimo cha protini ya damu kila baada ya miezi miwili ndicho kitakachotuambia mapema kuliko mgongo. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama anaweza kubeba tenga la nyanya. Nikamwambia hapana, pingili ile haitarudi kimo chake. Akamgeukia binti yake akamwambia, "Basi mama, wewe utabeba, mimi nitachagua zilizoiva," wakaanza kuhesabiana nauli ya kurudi Arumeru.